Kikosi cha watu kumi: Funzo la jina lililofutwa

KANDANDA ya Marekani huchezwa na watu kumi na mmoja kila upande. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1918 na ndivyo ilivyo hadi leo. Hata hivyo, mwaka wa 1950 kilipochapishwa nchini humo kitabu kikubwa cha kumbukumbu za kandanda ya vyuo, kikosi teule cha taifa cha msimu wa 1918 kiliorodheshwa kikiwa na wachezaji kumi tu. Mtoto anayejifunza kuhesabu kwa vidole angetambua mara moja kwamba kuna mtu asiyekuwepo.

Mtu huyo alikuwa Paul Robeson wa Chuo cha Rutgers, jimboni New Jersey. Hakuwa amekosea hesabu za mchezo, wala hapakuwa na shaka kwamba alichaguliwa. Mwaka wa 1918 jina lake lilikuwemo, likasomwa na Wamarekani kwa maelfu. Miaka thelathini na miwili baadaye halikuwemo tena.

Kisa hiki ni cha nchi ya mbali na cha zamani, lakini walimu na wanafunzi wetu wanafaa kukisoma kwa makini. Kinahusu swali ambalo kila shule yenye kikombe kabatini na orodha ya majina ukutani hulazimika kulijibu siku moja: je, heshima ambayo mwanafunzi ameichuma kwa jasho lake ni mali ya nani? Ni yake, au ni ya wale walioshika kalamu?

Kwanza tueleze heshima yenyewe. Kandanda inayozungumziwa hapa si soka tuliyoizoea. Kwa macho ya Mkenya inafanana zaidi na raga: mpira wa mviringo wa yai, wachezaji wanaokabana kwa mabega, na kupigania ardhi hatua kwa hatua. Mchezo huo ulikulia katika vyuo, na kwa muda mrefu mashabiki walivifuatilia vyuo kuliko timu za kulipwa. Vyuo vilikuwa vingi na nchi ni kubwa mno, hivi kwamba mchezaji hodari wa mashariki angeweza kumaliza masomo bila kukutana hata mara moja na hodari mwenzake wa magharibi. Nani basi angesema nani ni bora kuliko wote?

Mwaka wa 1889 mwandishi Caspar Whitney, akishirikiana na Walter Camp, alichapisha orodha ya wachezaji kumi na mmoja waliodhaniwa kuwa bora zaidi nchini, mmoja kwa kila nafasi. Camp alikuwa amechezea chuo cha Yale na kushiriki sana katika kuzitunga kanuni za mchezo, hata akaitwa baba wa kandanda ya Marekani. Orodha hiyo ikawa desturi ya kila mwaka. Camp aliendelea kuitoa hadi kifo chake mwaka wa 1925, na kwa miaka mingi jarida la Collier's ndilo lililoichapisha. Kutajwa humo kulikuwa heshima kuu ambayo mwanafunzi mchezaji angeweza kuipata.

Yafaa tukumbuke kwamba kikosi hicho hakikuwahi kuingia uwanjani. Hakikuwa na mkufunzi, hakikuwa na sare, hakikucheza hata mechi moja. Kilikuwa kikosi cha karatasi. Wachezaji walitwaa nafasi zao kwa nguvu za miili yao, lakini nafasi hizo zilihifadhiwa kwa wino tu. Na kitu kilichohifadhiwa kwa wino, aliye na kalamu anaweza kukigeuza.

Kwa hakika, hata orodha ya kwanza ilionyesha udhaifu huo. Wachezaji wote kumi na mmoja wa mwaka wa 1889 walitoka katika vyuo vitatu pekee: Princeton, Yale na Harvard. Wateuzi waliwachagua wale waliokuwa mbele ya macho yao. Kijana aliyecheza kwa ustadi mbali na vyuo hivyo vya kitajiri alikuwa kama mtu anayecheza gizani.

Wachezaji weusi waliingia katika orodha hiyo kwa nadra. William Henry Lewis wa Harvard, ambaye wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa, alichaguliwa mwaka wa 1892 na tena mwaka wa 1893. Baadaye alikuwa mwanasheria, na mwaka wa 1911 akawa msaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Baada yake ilipita zaidi ya miaka ishirini kabla ya Fritz Pollard wa Chuo Kikuu cha Brown kuteuliwa mwaka wa 1916. Kisha akaja Robeson.

Paul Robeson alizaliwa Aprili 9, 1898 mjini Princeton. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, akasoma na kuwa mchungaji wa kanisa. Mama yake alifariki mwaka wa 1904 kutokana na majeraha ya moto nyumbani, Paul akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka wa 1915 kijana huyo alishinda mtihani wa ufadhili wa jimbo lote, akaingia Rutgers. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1766, lakini Robeson alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu tu kupata nafasi humo.

Alipokwenda kufanya mazoezi na timu ya chuo kwa mara ya kwanza, wenzake wazungu waliazimia kumfukuza. Walimvunja pua na kuliteguza bega lake. Miaka mingi baadaye, akilisimulia tukio hilo, Robeson alisema kwamba alilala kitandani siku kadhaa akifikiria kuacha. Kilichomrudisha uwanjani ni mafunzo ya baba yake: kwamba hakuwa pale kwa niaba yake peke yake, bali kwa niaba ya vijana wote weusi waliotamani kusoma na kucheza. Aliporudi, mchezaji mmoja alimkanyaga mkono kwa viatu vya njumu hadi kucha zikang'oka. Safari hii Robeson alimwinua mtu huyo juu ya kichwa chake, tayari kumbwaga chini. Mkufunzi, George Foster Sanford, alipaza sauti kumwambia kwamba sasa yumo katika timu.

Mwalimu asomaye kisa hiki na amtazame sana Sanford, kwa kuwa alijaribiwa mara mbili na akatoa majibu mawili tofauti. Mwaka wa 1916 Rutgers iliadhimisha miaka 150 tangu kuanzishwa, na katika sherehe hizo ikakaribisha timu ya Washington and Lee kutoka kusini mwa nchi. Wageni walisema hawatacheza na mtu mweusi. Chuo kikakubali, na Robeson akaachwa nje. Mwaka uliofuata timu ya West Virginia ilileta dai kama hilo. Mara hii Sanford alikataa. Robeson alicheza, na mechi ikaisha kwa sare ya 7-7. Hatuwezi kumsifu Sanford kwa jibu la pili bila kulikumbuka la kwanza. Hata hivyo, tofauti ya majibu hayo yatufundisha kwamba mwalimu aliyeshindwa jana hajafungiwa mlango wa kutenda haki leo.

Robeson alicheza mwishoni mwa safu ya mbele. Timu yake iliposhambulia alikuwa mdakaji wa pasi na mfungua njia. Ilipojilinda alikuwa ukuta. Novemba 1917, katika uwanja wa Ebbets Field huko Brooklyn, Rutgers ilikutana na kikosi cha wanamaji wa akiba wa Newport. Hao hawakuwa wanafunzi wa kawaida. Kwa sababu ya vita, humo jeshini walikuwemo nyota kadhaa waliokuwa tayari wametajwa katika vikosi teule vya miaka iliyotangulia. Chuo kidogo kiliwashinda 14-0, na magazeti ya New York yakajaa sifa za Robeson.

Msimu huo waandishi mbalimbali walimweka katika orodha zao za wachezaji bora. Mwaka wa 1918 Camp mwenyewe alimweka katika kikosi cha kwanza, na inasimuliwa kwamba alimhesabu kuwa miongoni mwa walinzi bora kabisa wa nafasi hiyo aliowahi kuwaona. Haukuwa msimu rahisi. Vita Vikuu vilikuwa vikielekea ukingoni, homa ya mafua ilikuwa ikiua watu duniani kote, na mechi nyingi zilifutwa. Robeson mwenyewe alikuwa amempoteza baba yake mwezi Mei mwaka huo.

Kwa wanafunzi, labda jambo kubwa zaidi si hilo la uwanjani. Kijana huyo aliyetajwa kuwa bora nchini katika mchezo wa kugongana mabega alikuwa pia bora darasani. Alichaguliwa kuingia katika Phi Beta Kappa, jumuiya inayowaenzi wanafunzi wenye alama za juu kabisa. Alikuwa msemaji hodari wa mijadala. Tasnifu yake ya mwaka wa mwisho ilihusu Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba ya Marekani, yale ya mwaka wa 1868 yanayomhakikishia kila raia ulinzi sawa wa sheria. Aliyaona kama nguvu kubwa iliyolala ndani ya katiba. Mwaka wa 1954, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliyategemea marekebisho hayo hayo ilipoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Katika mahafali ya mwaka wa 1919 ni yeye aliyechaguliwa kuhutubu kwa niaba ya wenzake.

Kutoka hapo alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, huku akijilipia karo kwa kuchezea timu za kulipwa, Akron mwaka wa 1921 na Milwaukee mwaka wa 1922. Hakukaa sana katika uwakili, kwa kuwa katika ofisi alikoajiriwa karani mzungu alikataa kuandika maneno aliyoyatamka mtu mweusi. Akageukia jukwaa. Aliigiza Othello jijini London mwaka wa 1930, na sauti yake nzito ya kuimba ikamfanya kuwa mmoja wa wasanii mashuhuri zaidi duniani.

Huko London ndiko maisha yake yalikogusana na yetu. Mapema katika miaka ya 1930 Robeson alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha London kusomea lugha za Kiafrika, na miongoni mwa lugha alizojifunza ni Kiswahili. Alitaka kuthibitisha kwamba watu weusi wa Marekani walikuwa na asili ya kujivunia. Katika jiji hilo alifahamiana na Jomo Kenyatta, aliyekuwa huko akisoma na kutetea haki ya Waafrika juu ya ardhi yao. Wawili hao walionekana katika filamu moja, Sanders of the River, iliyotolewa mwaka wa 1935, Robeson akiwa mwigizaji mkuu na Kenyatta akiwa na nafasi ndogo. Filamu hiyo iliishia kuutukuza utawala wa Waingereza barani Afrika, na Robeson alijutia kushiriki. Tangu hapo alizidi kuipigania Afrika. Kwa miaka mingi aliliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, chama kilichopinga ukoloni na ambacho katika miaka ya 1950 kiliwatetea Wakenya waliokuwa wakiteswa wakati wa hali ya hatari.

Msimamo wake ulimponza. Vita Baridi vilipoanza, Robeson aliilaani serikali yake kwa ubaguzi na akausifu Muungano wa Kisovieti. Mwaka wa 1949 matamshi aliyonukuliwa akiyatoa jijini Paris yalizusha hasira kubwa nyumbani. Matamasha yake yakazuiwa. Mwaka wa 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti, hakuirudishiwa hadi mwaka wa 1958. Na ni katika mwaka huo wa 1950 kilipotoka kile kitabu chenye kikosi cha watu kumi.

Hapa yapasa tuwe waangalifu, maana si haki kumfanya mtu malaika ili kumtetea. Robeson alinyamazia mengi mabaya yaliyotendeka chini ya Stalin, na mwaka wa 1952 alikubali tuzo iliyobeba jina la kiongozi huyo. Msomaji anaweza kumlaumu kwa hayo, na lawama hiyo ina uzito wake. Lakini je, inahusiana vipi na mpira alioudaka mwaka wa 1918? Hotuba ya mwaka wa 1949, iwe njema au mbaya, haiwezi kurudi nyuma ikamwondoa mtu uwanjani alikokwisha kucheza. Kama alikosea katika siasa, ahukumiwe kwa siasa. Mchezo ulikwisha kuchezwa, na waliouona waliuona.

Huo ndio uovu wa kufuta jina. Adhabu huelekezwa kwa kosa. Ufutaji huelekezwa kwa ukweli. Anayemwadhibu mtu husema, "Umetenda hili, nasi hatukubaliani nalo." Anayefuta jina husema, "Hukuwahi kuwepo." La kwanza laweza kuwa haki au dhuluma, kutegemea ushahidi. La pili ni uongo, kila mara. Tena uongo huo haumdhuru aliyefutwa peke yake. Kijana mweusi aliyekifungua kitabu kile katika miaka ya 1950, akitafuta mtu anayefanana naye, alinyimwa mfano wa kuufuata.

Majumba ya heshima nayo yalichelewa. Jumba la Umaarufu la Kandanda ya Vyuo lilianza kuwaingiza wachezaji mwaka wa 1951. Robeson alifariki mjini Philadelphia Januari 23, 1976 akiwa bado nje. Aliingizwa mwaka wa 1995, miaka kumi na tisa baada ya mazishi yake na miaka sabini na saba baada ya ule msimu wa 1918. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na uongo huo hatimaye uliufikia ukingo. Lakini maiti haisikii makofi.

Sasa turudi nyumbani. Mtaala mpya wa umilisi umeipa michezo mahali ambapo mfumo wa 8-4-4 haukuipa. Katika sekondari pevu mwanafunzi anaweza kuchagua mkondo wa sanaa na michezo, na kipawa chake kikahesabiwa kuwa sehemu ya elimu. Ni hatua njema. Lakini kipawa kikishahesabiwa, lazima kiandikwe, na hapo ndipo wengi wetu tuna udhaifu. Tembelea shule zetu nyingi. Utaviona vikombe vikimetameta katika ofisi ya mwalimu mkuu, kila kimoja na jina la mashindano na mwaka. Uliza ni nani walioshinda. Utaambiwa ni shule. Majina ya wasichana na wavulana waliotokwa na jasho hayapo, au yamo katika daftari lililoliwa na mchwa.

Pana jambo zito zaidi. Kila baada ya muda shule zetu hukumbwa na migomo, na baada ya mgomo huja adhabu. Tuseme nahodha wa timu ya voliboli, aliyeifikisha shule yake katika fainali za kitaifa, amepatikana na hatia na kufukuzwa. Shule ina mamlaka ya kumwadhibu kwa mujibu wa sheria. Je, ina mamlaka ya kulipaka rangi jina lake katika ubao wa manahodha? Wako watakaosema kwamba kuliacha ni kuwafundisha wengine utundu. Mimi nashikilia kwamba kulifuta ni kuwafundisha wengine jambo baya zaidi: kwamba ukweli hubadilika mkubwa anapokasirika. Mwanafunzi anayelifahamu somo hilo mapema atakuwa karani anayebadilisha hati, mwamuzi anayeuza matokeo, na siku moja labda msimamizi wa uchaguzi.

Na wanafunzi nao wana sehemu yao. Robeson hakuutumia mpira kama kisingizio cha kukimbia vitabu, wala hakuvitumia vitabu kama kisingizio cha kuwakimbia waliomvunja pua. Walipomfuta katika orodha ya mabingwa, walishindwa kuifuta tasnifu yake, sauti yake, shahada yake ya sheria, au Kiswahili alichokuwa amekwisha kujifunza. Anayetegemea heshima moja tu, iliyo mikononi mwa wengine, amejenga nyumba katika kiwanja cha kupanga. Mcheze kwa bidii, lakini mjenge na kwingine ambako kalamu ya mtu haifiki.

Kwa walimu wa michezo nina ombi dogo. Muhula huu ununuliwe daftari lenye jalada gumu. Baada ya kila mechi yaandikwe majina kamili ya waliocheza, wa kikosi cha kwanza na wa akiba, walioshinda na walioshindwa, pamoja na tarehe na matokeo. Liwekwe mahali pasipofikiwa na maji wala mchwa, na ijulikane kwamba hakuna mwalimu mkuu, bodi wala mfadhili mwenye ruhusa ya kurarua ukurasa. Daftari halina gharama kubwa. Nakala yake moja ikitunzwa katika maktaba ambako wanafunzi wenyewe wanaweza kulifungua, itakuwa vigumu kwa yeyote kuwaambia kesho kwamba mwenzao hakuwahi kuwepo.